Jitu Alilojenga Baba

Mvulana wa miaka 14 anafika katika mji ambao wakazi wake wote wamekwisha kukimbilia mahandakini. Ana barua ya baba yake, ambaye hawajaonana kwa miaka mitatu, na barua hiyo haina salamu wala habari za nyumbani; inamtaka aje, basi. Muda si mrefu yuko chini ya ardhi, amesimama mbele ya uso mkubwa wa rangi ya zambarau, na baba anamtazama kutoka juu, nyuma ya kioo. Ingia humo ukapigane, anaambiwa. Mvulana anakataa. Baba habembelezi. Anaagiza aletwe rubani mwingine, msichana mwenye bandeji jichoni na mkononi, ambaye hata kuketi ni shida. Ukumbi unatikisika, msichana anaanguka kutoka kitandani, mvulana anamwinua na kuona damu yake kiganjani.

Anakubali.

Hivyo ndivyo ilivyoanza Shin Seiki Evangelion, jioni ya tarehe 4 Oktoba 1995, kwenye kituo cha TV Tokyo. Kwa sehemu 26, hadi tarehe 27 Machi 1996, watazamaji walifuatilia vita kati ya watoto watatu na viumbe wanaoitwa Malaika, vita ambavyo mwanzoni vilifanana na vya tamthilia nyingine nyingi za majitu ya chuma zilizowalea watoto wa Japani. Mwongozaji, Hideaki Anno wa studio ya Gainax, alikuwa na miaka 35. Alikuwa ametoka katika sonona iliyomwandama baada ya kumaliza Nadia, tamthilia aliyoiongoza kwa ajili ya NHK mwaka 1990 na 1991, na mwenyewe aliandika kwamba kwa miaka minne hakuweza kufanya lolote.

Habari za ugonjwa huo zimerudiwa mno, hata zimeifunika kazi yenyewe. Kuna pia mtego wa pili: misalaba inayolipuka angani, mkuki wa Longinus, michoro ya Kabbala. Vijiwe vya mashabiki vimekesha vikiyatafutia maana. Kazuya Tsurumaki, msaidizi wa Anno, aliwahi kueleza kwamba alama hizo za Kikristo ziliwekwa kwa kuwa machoni pa Wajapani zilionekana ngeni na za kuvutia, na kwamba wangejua tamthilia ingefika Marekani na Ulaya huenda wangefikiri mara mbili. Atafutaye teolojia humo anachimba kisima mahali pasipo na maji. Jambo zito liko wazi tangu dakika za kwanza na halina fumbo: jitu limejengwa na baba, na anayetiwa ndani yake ni mtoto.

Anno hakulibuni hilo. Alilikuta katika ukoo. Mitsuteru Yokoyama, mzaliwa wa Kobe aliyeuona mji wake udogoni baada ya kuteketezwa na mabomu ya ndege za B-29, alianza kuchora Tetsujin 28-go mwaka 1956. Jitu lake ni silaha ya siri ya jeshi la Japani iliyochelewa vita, na linaishia mikononi mwa Shotaro, mwana wa mwanasayansi aliyeliunda, ambaye huliendesha kwa rimoti akiwa amevaa kaptula na tai. Mwaka 1972 Go Nagai akaondoa umbali huo. Katika Mazinger Z mtoto hatoi tena amri kutoka pembeni. Anapanda na kukaa kichwani mwa jitu. Koji Kabuto anakabidhiwa mashine na babu yake anayekata roho, pamoja na onyo kwamba kwa nguvu hizo anaweza kuwa mungu au shetani. Msomaji aliyekulia Muscat au Dubai huenda akamjua zaidi mdogo wake Mazinger, yaani Grendizer ya mwaka 1975, ambayo ilitiwa sauti za Kiarabu huko Lebanoni na kupendwa mno katika nchi za Kiarabu.

Kisha ikaja Gundam, Aprili 1979. Kwa mwongozaji wake, Yoshiyuki Tomino, urithi haukabidhiwi tena, unaokotwa. Amuro Ray, kijana wa miaka 15, anakuta kitabu cha maelekezo katikati ya shambulio na kupanda mashine ambayo baba yake, mhandisi Tem Ray, aliisanifu. Baadaye anagoma kupanda, anapigwa kofi na kamanda wake, naye analalamika kwamba hata baba yake mzazi hajawahi kumpiga. Na baadaye zaidi linakuja tukio ambalo lingetosha peke yake kumpa Tomino heshima ya mwandishi wa fasihi. Amuro anakutana na baba yake, ambaye akili zake zimeharibika kwa kukosa hewa angani. Mzee anamletea kwa fahari kifaa cha kuliongezea jitu nguvu. Kifaa hicho ni cha kizamani, hakifai kitu. Mtoto anakipokea bila kubisha, na akishatoka anakitupa.

Kampuni ya vitu vya kuchezea iliyodhamini Gundam haikuridhika na mauzo, na tamthilia ikakatishwa kwenye sehemu ya 43 badala ya 52 zilizopangwa. Umaarufu ulikuja baadaye. Lakini jambo lilikuwa limekwisha kusemwa: zawadi ya baba inaweza kuwa takataka, na mtoto mwenye adabu huipokea hata hivyo.

Anno alichofanya ni kufungua jitu na kutazama ndani. Ndani kuna nyama. Vyuma vya nje vya Evangelion si ngao, ni pingu za kuzuia kiumbe kisichopenda kuzuiwa. Ukikijeruhi kinatoa damu. Waya mnene wa umeme ukikatika mgongoni, kinabaki na dakika tano za uhai, ukomo unaomkumbusha mtazamaji dakika tatu za Ultraman, shujaa wa televisheni wa mwaka 1966 aliyempa Anno utoto wake wote. (Katika filamu ya kujifurahisha aliyotengeneza na wenzake na kuimaliza mwaka 1983, Anno aliigiza Ultraman mwenyewe, uso wazi, bila kinyago. Wengi hucheka wakiiona. Ila ukiitazama baada ya Evangelion unaona kwamba tayari kijana huyu alitaka tumtazame mtu aliye ndani ya jitu.) Na dakika tano zikiisha, mara nyingine kiumbe kinaendelea kutembea bila umeme, kikipiga kelele.

Sababu inafichuliwa polepole. Yui, mama yake Shinji, yule mvulana wa mwanzo, alikuwa mwanasayansi; alitoweka ndani ya mashine hiyo wakati wa majaribio, mwanawe mdogo akiwa pale pale anatazama. Roho yake imo humo. Shinji anapoketi kwenye kiti cha rubani na kimiminiko kumjaa mapafuni, amerudishwa tumboni mwa mama, na aliyemrudisha ni baba, Gendo Ikari, kwa sababu zake mwenyewe.

Hapo ndipo mtazamaji anapogundua kwamba hakuna mtu katika tamthilia hii ambaye hakai ndani ya kitu alichoachiwa na mzazi. Misato Katsuragi, anayewaongoza watoto vitani, alikuwa na baba aliyeishi kwa ajili ya utafiti na kuisahau familia; baba huyo alimwokoa kwa kumfungia ndani ya kibanda cha kuokolea, kule Antaktika, siku ya janga la mwaka 2000 lililoua nusu ya wanadamu katika hadithi hii. Misato hajui amchukie au amshukuru, na amevaa msalaba wake shingoni. Asuka, rubani mwenye majivuno kuliko wote, alikimbia nyumbani siku moja kumpasha mama yake habari kwamba amechaguliwa, akamkuta amejinyonga. Mama huyo, baada ya akili kumharibika katika majaribio kama yale ya Yui, alikuwa akimlea mwanasesere na kumwita mwanawe. Rei, yule wa bandeji, ametengenezwa kutokana na mabaki ya Yui.

Aliye wa ajabu kuliko wote ni Ritsuko Akagi, na waandishi wengi humpita haraka. Kazi yake ni kutunza kompyuta tatu zinazoendesha makao makuu, zilizobuniwa na marehemu mama yake. Kila moja imebeba upande mmoja wa utu wa mama huyo: mwanasayansi, mzazi, mwanamke. Maamuzi hupitishwa kwa kura ya hizo tatu. Mama aliwahi kuwa na uhusiano wa mapenzi na Gendo. Binti anaurithi uhusiano huo pamoja na ofisi. Katika filamu ya mwaka 1997, Ritsuko anapotaka kulipua makao na kumwangamiza Gendo pamoja na nafsi yake, kompyuta moja inakataa amri. Ni ile iliyobeba upande wa mwanamke. Mama, akiwa kaburini, amemchagua mpenzi wake badala ya mwanawe. Katika historia yote ya hadithi za majitu ya chuma ni nadra kupata ukatili uliobanwa kiasi hicho katika kura moja.

Na Shinji? Shida yake ina jina dogo, la kila siku: utii. Katika sehemu ya 12 Malaika anadondoka kutoka anga za juu, na watoto watatu wanamdaka kwa mikono ya majitu yao. Baada ya hapo Gendo, akiwa mbali, anamsifu mwanawe kwa redio, maneno machache tu. Usiku huo wanakula tambi kwenye kibanda cha barabarani, na Shinji anamwambia Misato kwamba sasa ameelewa: anapanda jitu ili asikie maneno yale ya baba. Asuka anamwona mpumbavu. Tukio limepambwa kwa furaha, mvuke wa supu, mzaha kuhusu pesa za Misato, na ni tukio la kutisha. Kote duniani mtoto atumwaye akaenda husifiwa, na waliolelewa kwa sifa hizo wanaujua utamu wake. Anno anauliza ni nini kinachoweza kumwagizwa mtoto wa aina hiyo.

Jibu linakuja sehemu sita baadaye. Jitu jingine limetekwa na Malaika, na ndani yake yumo rubani ambaye Shinji bado hajaambiwa ni nani. Anakataa kupigana asije akamuua mtu. Safari hii baba hahitaji hata utii wake: anamnyang'anya usukani kutoka makao makuu na kuwasha mfumo unaoendesha jitu bila rubani. Shinji anabaki kitini, mikono yake haifanyi kitu, jitu lake likimrarua mwenzake na kukiponda chumba cha rubani. Aliyekuwamo ni Toji, mwanafunzi wa darasa lake. Anapona, lakini anapoteza mguu.

Shinji anaasi, anaondoka, kisha katika sehemu ya 19 anarudi kwa hiari yake na kujitangaza mbele ya baba kuwa yeye ndiye rubani. Tamthilia ya zamani ingeishia hapo, kwa tarumbeta. Hapa jitu linamla Malaika kama mnyama, na mvulana aliyechagua mwenyewe kwa mara ya kwanza anayeyuka ndani yake kwa mwezi mzima.

Haikuwa miezi ya kawaida kwa Wajapani kutazama mambo kama hayo. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi liliipiga Kobe, na idadi ya waliokufa ikapita 6,400. Tarehe 20 Machi wafuasi wa madhehebu ya Aum Shinrikyo waliachilia gesi ya sarin katika treni za chini ya ardhi jijini Tokyo. Kilichowasumbua watu zaidi ya gesi yenyewe ni nani waliobeba mifuko ile: miongoni mwao walikuwa wahitimu wa vyuo vikuu bora, vijana ambao wazazi wao waliwatolea mfano kwa jirani. Walitumwa, wakaenda. Evangelion ilikuwa imeanza kutungwa kabla ya hayo, kwani hadithi yake ya michoro iliyochorwa na Yoshiyuki Sadamoto ilianza kutoka mwishoni mwa mwaka 1994, kwa hiyo ni kosa kuiita jibu la matukio hayo. Ila ilitazamwa na watu waliokuwa wametoka kuyaona.

Kadiri sehemu zilivyosonga, muda wa kuchora ulipungua, na hapo Anno akafanya jambo ambalo mafundi wengi wangeliona aibu: aliusimamisha mchoro. Katika sehemu ya 22, Rei na Asuka wako ndani ya lifti, na kwa karibu dakika nzima hakuna kinachotokea isipokuwa sauti ya mashine na kupepesa kwa jicho. Katika sehemu ya 24 jitu limemshika mkononi Kaworu, rafiki pekee aliyemwambia Shinji kwamba anampenda, na picha inaganda kwa takriban dakika nzima huku Simfoni ya Tisa ya Beethoven ikiendelea. Shinji anapaswa kubana kiganja. Picha iliyoganda inampa mtazamaji muda wa kutamani ahurumiwe, kisha muda wa kuchoka kutamani, kisha aibu ya kutaka tukio liishe. Mchoro unaotembea usingeweza kufanya hivyo. Ufukara wa ratiba uligeuka kuwa ufundi, na baadhi ya uigizaji bora wa tamthilia nzima umo katika picha zisizosogea.

Sehemu mbili za mwisho ziliacha vita kabisa. Kiti, taa, maswali, michoro ya penseli isiyomaliziwa, kisha wahusika wote wamemzunguka Shinji wakimpigia makofi na kumpongeza. Watazamaji waliosubiri kuona nani amemshinda nani walighadhabika, na wengine walituma vitisho vya kumuua mwongozaji. Anno akawajibu Julai 1997 kwa filamu The End of Evangelion, ambamo vitisho hivyo vinapita kwenye skrini na ukumbi wa sinema wenye watazamaji halisi unaonyeshwa. Ni kazi kubwa na ya hasira. Inawapa mashabiki vita walivyotaka kwa namna ambayo hakuna awezaye kuifurahia.

Baada ya hapo tamthilia yenyewe ikawa urithi, na warithi wakaitumia walivyotaka. Kuna mashine za kamari za pachinko zenye sura ya Shinji. Kuanzia Novemba 2015 hadi Mei 2018 treni ya mwendokasi ya Shinkansen ilikimbia magharibi mwa Japani ikiwa imepakwa zambarau na kijani cha jitu lake. Matumizi ya heshima zaidi yalikuja Machi 2011, baada ya tetemeko na tsunami vilivyoharibu kinu cha Fukushima. Umeme ulipopungua, vijana mitandaoni walihimizana kuzima taa, na kampeni yao wakaiita Operesheni Yashima, jina la mpango wa sehemu ya 6 ambamo Japani nzima inazima umeme wake ili bunduki moja ipate nguvu za kutosha. Kobe nako, katika wilaya ya Nagata iliyoungua vibaya mwaka 1995, wakazi walisimamisha sanamu kubwa ya Tetsujin mwaka 2009. Majitu haya yana namna ya kurudi pale yalipozaliwa.

Anno pia alirudi. Alianzisha studio yake, Khara, mwaka 2006, akaanza kuisimulia upya hadithi kwa filamu nne. Baada ya filamu ya tatu, mwishoni mwa mwaka 2012, sonona ilimrudia, kama alivyoeleza baadaye hadharani. Ya nne, iliyocheleweshwa na janga la korona, ilitoka tarehe 8 Machi 2021 na kuingiza zaidi ya yeni bilioni 10 nchini Japani. Mwongozaji alikuwa na miaka 60, umri unaomzidi Gendo wa tamthilia ya kwanza.

Tofauti ya umri inaonekana. Kwa robo karne Gendo alikuwa miwani, glavu na sauti nzito. Katika filamu hii mwanawe anamfuata, na vita kati yao, majitu mawili yanayofanana yakipigana katika mandhari yanayobadilika kama mapazia ya jukwaa, vinaonekana wazi kuwa upuuzi, mpaka wanaacha na kuzungumza. Gendo anasimulia utoto wake: mtoto aliyeogopa watu, aliyejificha kwenye vitabu na kinanda, aliyeziba masikio kwa muziki. Kinasa sauti cha kaseti ambacho Shinji amekuwa akikisikiliza tangu mwanzo ili asisikie dunia kilikuwa cha baba yake. Shinji anamrudishia. Kumbe urithi halisi haukuwa jitu la zambarau. Ulikuwa woga, na uliingia nyumbani kimya kimya, bila mhandisi.

Katika kipindi cha NHK kilichorushwa mwezi huo huo, Anno alizungumza kuhusu baba yake mzazi, aliyepoteza mguu katika ajali ya kazini, na jinsi kulelewa na mtu asiyekamilika mwili kulivyomfanya apende vitu vyenye upungufu. Mtu anaweza kukumbuka mguu wa Toji, na mikono na vichwa vyote vinavyong'oka katika tamthilia ile, bila kulazimisha hesabu ya moja kwa moja. Filamu inafungwa kwa picha halisi, si za kuchora, za stesheni ya Ube-Shinkawa, katika mji alikozaliwa.

Gainax, studio iliyotengeneza Evangelion ya kwanza, iliomba kufilisika Mei 2024, na jina lake la biashara likachukuliwa na Khara. Mwaka uliofuata Khara ikashirikiana na studio ya Sunrise kutoa Gundam mpya yenye jina gumu kutamka, GQuuuuuuX, ikiongozwa na Tsurumaki, Anno akiwa mmoja wa waandishi. Ndani yake historia imepinda: adui, Char Aznable, ndiye anayelifikia lile jitu jeupe kabla ya Amuro, analipanda na kuondoka nalo. Rubani mpya, miaka kadhaa baadaye, ni msichana wa sekondari, Amate Yuzuriha, ambaye hakuitwa na mzazi yeyote. Anapanda kwa pupa, kwa hasira na kwa kuchoshwa na shule. Sehemu ni 12 tu, na ni chache mno kwa wahusika wengi kiasi kile. Nusu ya pili inakimbia pale ambapo Anno wa mwaka 1996 angesimamisha picha na kumwacha mtazamaji ahangaike. Lakini Tem Ray, safari hii, hakupata nafasi ya kumwachia mwanawe chochote.